Mwonjaji na Ukweli wa Ulimi Wake

Yafaa tukiri tangu mwanzo kwamba tunaandika makala haya kwa sababu tulisema uongo. Haukuwa uongo wa kumdhulumu mtu mali yake, wala wa kumwangusha mbele ya hakimu. Ulikuwa uongo mdogo wa adabu, wa namna ile isemwayo mezani kila siku na watu wema. Na pengine kwa sababu hiyo umetusumbua zaidi ya makosa mengine ambayo kwa haki yangestahili kutusumbua kwanza.

Ilikuwa hivi. Tulipokuwa safarini Ujerumani tulikaribishwa katika bonde la mto Ahr, ambao huingia katika mto Rhine kusini ya mji wa Bonn. Mwenyeji wetu alikuwa mzee mkulima wa mizabibu, mtu wa maneno machache, ambaye baba yake na babu yake walilima miteremko ile ile aliyolima yeye. Alitushusha katika ghala lake la chini ya ardhi, akawasha taa, akachovya mrija wa kioo katika pipa, akatumiminia divai nyekundu kiasi cha vidole viwili. Kisha akasimama akingoja.

Tuliionja. Kwa kweli ilikuwa kali. Uchachu ulitangulia, ukafuata ukakasi ule wa kukaza ulimi, kama aliyeuma bibo bichi, na baada ya hayo harufu ya mbao za pipa ilifunika ladha yote ya tunda. Lakini sisi tulikwisha kuelezwa njiani masaibu ya mzee yule, tena tulikuwa tumeona kwa macho yetu alama ya maji ukutani, juu ya vichwa vyetu. Basi tukasema bila kusita, "Mzee, ni nzuri sana."

Alitutazama kidogo. Akaiweka glasi yake juu ya pipa, akasema kwa upole, "Hapana, haijawa nzuri. Mbao zimezidi. Nami nilitaka kujua kama na ninyi mmeona hivyo."

Wasomaji wetu watauliza, je, gazeti la jamaa za Kikristo lina haja gani na habari za divai ya Ujerumani, nasi hapa tuna nyumba nyingi zilizoharibiwa na pombe? Swali hilo ni la haki, nasi tutalirudia. Lakini neno lililotuchoma siku ile halikuwa la ulevi. Lilikuwa hili: mtu akikuomba umwambie kweli juu ya kazi ya mikono yake, nawe kwa kumhurumia ukamwambia jambo lingine, je, umemtendea wema au umemnyang'anya kitu? Swali hilo si la wenye mizabibu peke yao. Mwalimu hulikuta katika daftari la mwanafunzi, fundi hulikuta kwa mwanagenzi wake, na mke na mume hulikuta kila siku.

Kwanza msomaji ajue ni nini hasa mzee yule alitutaka tuhukumu, maana bila hivyo ataona tunakuza jambo dogo.

Bonde la Ahr ni jembamba, na mto wenyewe ni mfupi, haufiki kilometa 90. Liko kaskazini mno kwa zabibu nyekundu. Majira ya baridi ni marefu, na jua la kiangazi halina nguvu kama ya jua la Italia au Hispania. Kule Dodoma mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Bonde la Ahr huvuna mara moja tu, Septemba na Oktoba, na mvua ya wiki moja yaweza kuozesha mavuno ya mwaka mzima. Kinachowaokoa wakulima ni mawe. Miteremko ya pale imejaa mawe meusi ya tabaka tabaka, yanayoitwa sleti, ambayo hunywa joto la jua mchana na kulirudisha usiku kwa mizabibu, kama jiwe la jikoni lililosahaulika karibu na moto. Lakini miteremko hiyo ni mikali sana. Mahali pengi trekta halipandi. Mtu hupanda kwa miguu yake, hupogoa kwa mkono, na huvuna kwa mkono. Mashamba yote ya mizabibu katika bonde zima hayafiki hekta 600, na zaidi ya nusu yake yamepandwa aina moja ya mzabibu, ambao Wajerumani huuita Spätburgunder na Wafaransa huuita Pinot Noir. Jina la Kijerumani lina maana ya mzabibu wa Burgundy uivao kwa kuchelewa. Ganda la zabibu yake ni jembamba. Hutoa rangi kidogo na huoza upesi. Mkulima asiye na subira hauwezi mzabibu huo.

Watu wa kule wameishi na kazi hiyo muda mrefu. Mwaka 1137 watawa wa kike wa Kiaugustino walianza monasteri yao mahali paitwapo Marienthal, nao walilima mizabibu. Mwaka 1868 wakulima wa kijiji cha Mayschoss, walipoona kila mmoja peke yake hawezi kuuza divai yake kwa bei ya kumtosha, waliunda chama cha ushirika, ambacho ni kimoja cha vyama vya ushirika vya divai vya kale kabisa duniani. Twalitaja hilo kwa kuwa wakulima wetu wa kahawa na pamba wanazijua faida na taabu za ushirika, nao watawatambua watu wale kuwa ndugu zao.

Sasa, divai nyekundu ya namna ya kale hutengenezwaje? Mtu akikamua zabibu nyekundu upesi ataona ajabu: maji yake karibu hayana rangi. Wekundu wote umo katika ganda. Kwa hiyo mtengenezaji wa kale hatenganishi maji na maganda. Huvipondaponda vyote pamoja, akavitia katika chombo kikubwa kilicho wazi, akaviacha vichachuke. Hewa itokayo katika kuchachuka huyainua maganda, nayo hufanya kifuniko kinene juu; hicho kikikauka huharibika. Basi hana budi kukididimiza kwa mti mara kadha wa kadha kila siku, mchana na pengine usiku, wiki moja, mbili, au tatu. Ndipo hukamua, akaitia divai changa katika pipa la mbao, akaiacha. Humo ndani ule uchachu mkali, unaofanana na wa tofaa bichi, hugeuka polepole ukawa uchachu laini kama wa maziwa. Mwaka wapita, na pengine miezi mingine sita. Hakuna la kufanya ila kuonja, kujaza pipa lililopungua, na kungoja.

Iko njia nyingine. Zabibu zilizopondwa hupashwa moto hata zikawa moto kuliko maji ya kuoga, kwa muda mfupi tu, rangi ikatoka upesi. Kisha hukamuliwa, na maji yale mekundu huchachushwa bila maganda. Divai hupatikana mapema, ina rangi, ina utamu wa tunda, nayo haikazi ulimi. Sheria yairuhusu njia hiyo, na kibandiko cha chupa hakilazimiki kumwambia mnunuzi kama zabibu zilipashwa moto. Tumeionja divai ya namna hiyo vilevile, kwa glasi ya bei ndogo, katika hoteli ya njiani. Ilipendeza dakika ya kwanza. Katika dakika ya tatu ilitukumbusha jemu.

Hapa twapaswa kujihadhari, maana wengi hukimbilia kusema: njia ya kale ni ya kweli, njia ya upesi ni ya uongo. Si hivyo. Kupasha moto si kudanganya, ikiwa mwuzaji hasemi vinginevyo, na maskini anayenunua chupa ya bei nafuu kwa sikukuu ya mwanawe hajatendewa ubaya wowote. Tena, neno hilo "kale" lina hila ndani yake. Katika karne ya 19 mtu mmoja wa Trier, jina lake Ludwig Gall, aliwafundisha wakulima kutia maji na sukari katika divai ya miaka mibaya ili kupunguza uchachu na kuongeza ukali. Wengine walimshukuru kwa kuwaokoa na njaa, wengine wakamlaani kwa kuharibu divai. Hata leo sheria ya Ujerumani yaruhusu sukari itiwe kwa kiasi, kabla ya kuchachuka, katika divai za daraja fulani, na kuikataza kabisa katika daraja la juu. Kwa hiyo mtu akisema, "Natengeneza kama babu yangu," hatuna budi kumwuliza, "Babu yako yupi, na mwaka gani?" Mzee wetu mwenyewe, aliyeshika desturi kwa nguvu, alikuwa amenunua mapipa madogo mapya ya namna ya Kifaransa, ya lita 225, ambayo babu yake hakuyajua, mapipa ya kale ya Kijerumani yalikuwa makubwa, yakichukua lita 1,000 na zaidi, na mbao zake zilikwisha kuchoka hata hazitii tena harufu. Na ni mapipa mapya hayo yaliyomharibia divai tuliyoisifu.

Kwa hiyo desturi peke yake haimwambii mtu kwamba kazi yake ni njema. Yampa njia iliyojaribiwa na wengi waliotangulia, nalo ni jambo kubwa; lakini kila mwaka lazima mtu anywe funda moja ahukumu tena. Ndiyo maana mzee yule alimhitaji mwonjaji. Alikuwa ameonja peke yake katika giza lile miezi mingi, na mtu anayeonja kazi yake peke yake mwisho hajui tena anachoonja.

Na ulimi, jamani, ni shahidi dhaifu. Mwaka 2001 wataalamu watatu wa Ufaransa walichapisha habari ya jaribio walilolifanya Bordeaux. Waliwapa wanafunzi 54 wa elimu ya divai divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu wala ladha. Wanafunzi wale, ambao ndio waliokuwa wakijifunza kazi hiyo, waliieleza kwa maneno yatumikayo kwa divai nyekundu. Hawakuwa waongo. Jicho lilisema kwanza, na pua ikalifuata jicho. Sisi nasi katika ghala lile tulifuata si rangi bali habari. Alama ya maji ukutani ilisema kabla ya ulimi kusema.

Lakini kuna tofauti kati yetu na wanafunzi wale, nasi hatutaki kujificha nyuma yao. Wao walidanganyika. Sisi tuliuhisi ule ukakasi na zile mbao. Tulijua, tukasema vingine.

Katika Injili yumo mwonjaji mmoja ambaye hatukumfikiri vya kutosha kabla ya safari hii. Ni yule mkuu wa meza katika arusi ya Kana. Mwinjili Yohane aangalia kutuambia kwamba mtu huyo alionja bila kujua divai ile imetoka wapi. Watumishi ndio waliojua. Hakuambiwa habari ya muujiza, hakumwogopa mtu, hakuwa na sababu ya kumpendeza yeyote. Alionja, akamwita bwana arusi, akamwambia wazi kwamba divai hii ya mwisho ni bora kuliko ile ya kwanza. Na kwa kusema hivyo alikuwa akiikosoa, hadharani au karibu na hadharani, divai iliyotolewa na mwenye karamu mwenyewe. Ushahidi wake una nguvu kwa sababu hakujua. Kama angalijua, tungaliweza kusema amesifu kwa heshima tu.

Basi turudie swali la wema. Watu wengi watatutetea. Watasema, mgeni mwenye adabu hasemi chakula cha mwenyeji ni kibaya. Je, mama akikupakulia ugali ulioungua, utamwambia umeungua? Hatusemi hivyo. Lakini desturi zetu wenyewe zina hekima zaidi ya tulivyodhani. Mgeni akimaliza kula kwetu husema, "Ahsante mama, tumeshiba." Halazimiki kusema kwamba chakula kilikuwa kitamu kupita vyote. Ameshukuru kazi, ameshuhudia tumbo lake, na yote mawili ni kweli. Mama aliyekipika chakula hakumwita mgeni ili ahukumu mapishi. Alimwita ili ale. Sisi tuliitwa ili tuhukumu.

Mtakatifu Augustino aliandika vitabu viwili kupinga uongo, wala hakukubali uongo wa namna yoyote, hata ule unaosemwa kwa kumfaa mtu. Mtakatifu Toma wa Akwino alimfuata, ingawa alisema kwamba uongo wa kumsaidia mtu ni kosa dogo kuliko ule wa kumdhuru. Zamani tuliliona fundisho hilo kuwa gumu kupita kiasi, na kwa mambo mengine bado twaliona gumu. Tukifikiri mtu aliyewaficha wakimbizi nyumbani mwake, na wauaji wako mlangoni wakiuliza, akili yetu hukwama. Lakini pale ghalani hakukuwa na muuaji mlangoni. Palikuwa na mzee mwenye glasi, aliyetuuliza swali moja.

Watu wa pwani yetu wana methali ya zamani: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa kawaida hutumiwa kumlaumu mgema, kwamba sifa humlevya akaacha uaminifu. Hiyo ni sawa. Lakini twaona methali hiyo inawagusa na wanywaji. Nani waliomsifu mgema hata akafika hapo? Kama walimsifu siku tembo lilipokuwa zuri, hawana kosa. Lakini kama walimsifu siku zote sawasawa, zuri na baya, kwa kuwa ni jirani yao au kwa kuwa wanataka awakopeshe, basi walimwondolea kipimo mikononi mwake. Siku alipotia maji ya kwanza alisikia sifa zile zile. Afanyeje kujua kwamba amepotea njia?

Lakini mafuriko yale yalikuwa kitu halisi, na huruma yetu haikuwa ya bure. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Julai 2021, baada ya mvua isiyo ya kawaida, mto Ahr ulipanda mita nyingi kwa saa chache. Katika bonde lile peke yake walikufa watu zaidi ya 130. Nyumba zilisombwa, na madaraja, na reli. Maghala ya divai, ambayo kwa kawaida huwa chini kabisa ya nyumba, yalijaa maji na matope. Mapipa yalielea yakagongana, na chupa elfu nyingi zilifunikwa na tope lililochanganyika na mafuta. Mavuno yalikuwa yanakaribia, na vyombo vya kuyapokea vilikuwa vimekwenda na maji. Wakulima wa mabonde mengine walikuja na mashine zao na mikono yao, wakasaidia kuchimbua na kuvuna. Kisha wenyeji wakafanya jambo ambalo lingali likitustaajabisha: waliziuza zile chupa za matope bila kuzisafisha, kama zilivyo, na watu wa Ujerumani na wa nchi nyingine wakazinunua. Zilipatikana zaidi ya euro milioni 4 za kulijenga upya bonde.

Hakuna aliyenunua chupa ile aliyeuliza ladha yake. Na hapo ndipo tulipoona kosa letu lilipo. Mnunuzi wa chupa ya matope hakusema kwamba divai ile ni bora kuliko divai nyingine. Alitoa sadaka, akapokea chupa kama ukumbusho. Hata asipoifungua milele hajapoteza kitu, wala hajamdanganya mtu. Sadaka haihitaji ushahidi. Sisi tulitaka kutoa sadaka, lakini hatukutoa fedha, hatukushika koleo, hatukubeba hata ndoo moja ya tope. Tulitoa sifa, ambayo haikutugharimu kitu, nayo haikuwa mali yetu ya kugawa. Mzee hakuiomba. Yeye alisimama mbele yetu kama fundi, sisi tukamtazama kama mwombaji. Twafikiri ndilo lililomchoma, ingawa hakusema. Kwamba tangu mafuriko kila mtu aingiaye ghalani mwake humwonea huruma, na hakuna tena amwonaye kuwa mtengenezaji wa divai.

Neno sasa kwa wale wanaotulaumu kwa kuzungumza habari za kileo. Hatusemi kwamba kila mtu aonje divai. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kabisa kwa afya, nasi hatuna elimu ya kupingana na waganga. Katika jamaa nyingi za wasomaji wetu jambo bora ni kuiacha kabisa, hasa mahali ambapo baba ameishinda pombe kwa shida na mama anaihesabu miezi. Lakini Kanisa halijapata kufundisha kwamba divai ni kitu kiovu katika asili yake. Yatumika altareni, na sheria ya Kanisa yataka iwe divai ya asili, itokayo katika tunda la mzabibu, isiyoharibika. Mtakatifu Toma, aliyeusifu utaratibu katika kunywa kuwa fadhila ya pekee, alisema vilevile kwamba mtu akizikataa furaha za halali bila sababu ya haki naye amepungukiwa. Twayataja hayo ili msomaji asidhani tunafanya biashara.

Tena, kuonja si kunywa. Waonjaji wa kazi hiyo huiteua divai kinywani, huizungusha, kisha huitema katika ndoo. Mara ya kwanza tulipoliona jambo hilo tulichukizwa. Tulilelewa kwamba kutema chakula ni kuwadharau waliokilima, na bibi zetu wangalituchapa. Tukamwuliza mzee, haoni uchungu akiona jasho lake linatemwa? Akajibu kwamba mtu anayezimeza zote, akifika pipa la sita husema zote ni nzuri. Tangu hapo hatukuiona tena ndoo ile kuwa ni dharau.

Na hii ndiyo ajabu ya ulevi ambayo hatukuwahi kuifikiri kwa njia hiyo. Tumezoea kuulaumu kwa ugomvi, kwa fedha zinazopotea na watoto wanaolala njaa, na lawama hizo zote ni za haki. Lakini kabla ya hayo yote mlevi amekwisha kuipoteza divai yenyewe. Hawezi kusema kama ni njema au mbaya. Kila glasi kwake ni sawa na nyingine. Mtu aliyemtengenezea kinywaji kwa miezi 18, akididimiza maganda usiku, amefanya kazi ile bure kwa mlevi huyo. Angalimpa maji yenye ukali angalishukuru vile vile. Na sisi tuliosifu bila kupima, tukiwa wazima wa akili, tulikuwa tumesimama mahali pale pale.

Tusiseme pia kwamba ukweli una ruhusa ya kuwa mkatili. Wako watu wanaojisifu kwamba wao husema kweli siku zote, na ukiwasikiliza utaona wanaipenda zaidi ile kweli inayouma. Mwonjaji wa namna hiyo hafai ghalani. Hutafuta kasoro kabla ya kupeleka glasi mdomoni, na akiikosa hukasirika. Yeye naye hafuati ulimi wake, ameamua kabla. Mzee alituambia kwamba wageni wa namna hiyo humjia kila mwaka, nao humchosha kuliko wasifuji.

Basi baada ya kutuambia kwamba divai yake haijawa nzuri, tulinyamaza wote wawili kwa muda. Tulitaka kuomba radhi, lakini tuliona kwamba kuomba radhi kwa maneno mengi kungekuwa sifa ya pili juu ya ile ya kwanza. Yeye alilivunja jambo lile kwa kwenda kwenye pipa lingine, mwisho wa safu. Mbele ya pipa palikuwa pameandikwa kwa chaki mwaka na jina la mteremko. Alipafunika kwa kiganja chake tusipate kusoma, na kwa mkono mwingine akachovya mrija.

Divai hii ilikuwa na rangi hafifu, karibu kama chai ya rangi isiyokolea. Tukainusa muda mrefu. Ilikuwa na harufu ya tunda jekundu, na chini yake kitu kama udongo mkavu uliopata mvua ya kwanza. Tukaionja, tukaitema, tukaionja tena. Uchachu ulikuwapo lakini ulikuwa umetulia. Ukakasi ulikuja mwishoni, taratibu, ukaondoka. Kisha kikabaki kitu kingine kidogo upande wa nyuma wa ulimi, nacho hakikutaka kuondoka. Tuliogopa kukisema. Mzee alikuwa akingoja kama alivyongoja mara ya kwanza.

Tukasema, "Hii ni bora sana kuliko ile. Lakini mwishoni ina uchungu."

"Uchungu wa namna gani?"

"Kama wa mtu aliyetafuna kijiti."

Aliinamisha kichwa, akajimiminia naye, akaonja. "Ni vikonyo," akasema. "Mwaka ule niliviacha pamoja na zabibu. Mwanangu alinikataza." Akaondoa kiganja, akatafuta chaki mfukoni, akaandika neno moja chini ya ule mwaka kwa herufi za Kijerumani cha zamani ambazo hatukuweza kuzisoma. Kisha akatuuliza kama tuna nafasi ya kuonja pipa la tatu.